Grace Hopper: Mwalimu wa hesabu aliyeifundisha kompyuta kujiandikia kazi

Wavuvi wa Gitaza, Magara na Rumonge wanajua bila kufundishwa na mtu kwamba ziwa Tanganyika halitulii. Msimu wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu, yaliyo na joto, kuelekea Bujumbura. Huko kusini, upande wa Mpulungu, maji baridi ya chini hupanda kuziba pengo. Upepo ukilegea, matabaka hayo mawili huyumba kaskazini na kusini kwa majuma kadhaa, kama maji ndani ya beseni lililotikiswa. Ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, hufuata chakula kinachoinuliwa na maji hayo. Bei ya soko la Rumonge hufuata ndagala.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa na makao yao Bujumbura, na vituo Kigoma na Mpulungu, walipima upepo, joto na mwendo wa maji hayo kwa msaada wa FAO na Finland. Vipimo vyao viliingizwa katika milinganyo ya hesabu ili kujua ziwa zima linatembeaje. Milinganyo ya aina hiyo haina jibu ambalo mtu anaweza kulikokotoa kwa kalamu na kulipigia mstari. Jibu lake hutafutwa kwa tarakimu, hatua kwa hatua, na kwa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 na kina cha zaidi ya mita 1,400 hatua hizo hazihesabiki. Kazi hiyo ni ya kompyuta.

Lakini kompyuta yenyewe haielewi mlinganyo. Inaelewa maelekezo madogo madogo: chukua namba hii, ijumlishe na ile, weka jibu pale. Mwanzoni watu waliandika maelekezo hayo moja baada ya jingine kwa mkono, maelfu kwa maelfu. Leo mtafiti huandika mlinganyo wake karibu kama anavyouandika ubaoni, na kompyuta hujiandikia maelekezo yake yenyewe. Miongoni mwa watu wachache walioanzisha mabadiliko hayo, jina linalojulikana zaidi ni la Grace Hopper, mwalimu wa hesabu wa Marekani aliyefariki mwaka 1992.

Hesabu inayofanana na kupatana bei

Kutafuta jibu kwa tarakimu si jambo geni kwa mtu wa sokoni. Muuzaji wa mawese anataja bei ya juu, mnunuzi anataja ya chini. Wakikubaliana kukata pengo lao nusu kila awamu, pengo la faranga 1,000 litakuwa limeshuka chini ya faranga 1 baada ya awamu 10. Hakuna aliyejua bei ya mwisho walipoanza, lakini wote wawili wameifikia. Milinganyo mingi hutatuliwa hivyo: unaanza na makisio mawili, jibu likiwa katikati, kisha unabana.

Milinganyo ya vitu vinavyobadilika, kama maji, upepo au kombora, hutatuliwa kwa njia nyingine. Nahodha anayevuka usiku kutoka Rumonge kwenda upande wa Fizi hufanya hesabu hiyo kichwani. Anajua alipo, anajua kasi ya boti na nguvu ya upepo, anakadiria atakuwa wapi baada ya nusu saa. Nusu saa ikipita, anaanza upya kutoka pale alipofika. Akikadiria kila dakika 5 badala ya kila nusu saa, makosa yake hupungua, lakini kazi yake huongezeka mara 6. Kazi hiyo ya kurudia ndiyo iliyowachosha wataalamu wa hesabu kwa karne nyingi, na ndiyo iliyomfikisha Grace Hopper mbele ya kompyuta.

Saa saba za kengele

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alikuwa wakala wa bima. Mama yake alipenda hesabu, ingawa wakati wake msichana hakutarajiwa kwenda nazo mbali. Grace alipokuwa na umri wa miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akafungua moja, ikamshinda kuirudishia. Akafungua ya pili kuona ilivyopangwa, hadi saa saba za nyumba nzima zikawa vipande mezani. Mama yake hakumchapa. Alimruhusu kuendelea na saa moja tu.

Baba yake, aliyekuwa amekatwa miguu kwa ugonjwa, alitaka binti zake wasome sawasawa na mtoto wake wa kiume, wapate njia ya kujitegemea. Grace alimaliza hesabu na fizikia katika chuo cha Vassar mwaka 1928, akachukua shahada ya pili Yale mwaka 1930, na udaktari wa hesabu hukohuko mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi, na jina la mume huyo alibaki nalo hata baada ya talaka yao ya mwaka 1945. Hawakupata watoto.

Kwa zaidi ya miaka 10 alifundisha hesabu Vassar. Kama vita visingekuja, pengo kati yake na maprofesa wengine wa vyuo vya wanawake lisingeonekana.

Jeshini akiwa na nywele za mvi

Marekani iliingia Vita vya Pili vya Dunia mwishoni mwa mwaka 1941. Hopper aliomba kujiunga na Jeshi la Majini, akakataliwa: umri wake ulikuwa umezidi kiwango na uzito wake ulikuwa pungufu kwa karibu kilo 7. Aliomba tena na tena hadi akapewa ruhusa maalumu, akaapishwa Desemba 1943. Katika mafunzo ya uofisa alikaa na wasichana waliokuwa rika la wanafunzi wake, na Juni 1944 akamaliza akiwa wa kwanza.

Alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, mahali alipokuwa hajawahi kuona mashine ya aina aliyoikuta. Iliitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, uzito wa takriban tani 5, vipande zaidi ya 700,000 na mamia ya kilomita za nyaya. Ilijumlisha mara 3 kwa sekunde. Kuzidisha namba mbili kulichukua sekunde 6. Leo simu ya bei ndogo kabisa inayouzwa sokoni inaipita kwa mbali mno, lakini mwaka 1944 kulikuwa na mashine chache sana duniani za kulinganisha nayo.

Mkuu wa mashine hiyo, Howard Aiken, hakuwa ametaka apewe ofisa mwanamke. Alimpokea kwa kumkabidhi hesabu ngumu yenye majibu ya tarakimu 23 na kumpa siku chache tu. Hopper hakuwa amewahi kuona kompyuta, lakini vijana wawili waliomtangulia, Robert Campbell na Richard Bloch, walimwonyesha jinsi ya kuandika maelekezo. Kila elekezo lilitobolewa kama matundu kwenye utepe wa karatasi. Tundu moja likikosea mahali, hesabu nzima iliharibika. Mashine ilifanya kazi usiku na mchana, na watu wake walilala karibu nayo.

Mlinganyo ambao hawakuambiwa ni wa nini

Agosti 1944 mtaalamu wa hesabu John von Neumann alifika Harvard na mlinganyo wa mbano: wimbi linalosukuma kutoka pande zote kuelekea kati. Hopper na wenzake walisaidia kuugeuza kuwa hatua za tarakimu na kuuendesha kwenye Mark I. Hawakuambiwa unahusu nini. Walikuja kujua baadaye kwamba ulikuwa sehemu ya kazi ya bomu la nyuklia, la aina ile iliyoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945.

Sehemu kubwa ya madini ya urani ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ng'ambo ya ziwa Tanganyika kwa watu wanaofanya biashara kati ya Rumonge, Kigoma na Kalemie. Wachimbaji waliyoyatoa ardhini hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Waliokokotoa milinganyo hawakuambiwa pia.

Vita vilipokwisha, Hopper aliandika kitabu cha maelekezo ya Mark I, chenye kurasa zaidi ya 500, kilichotoka mwaka 1946. Aliomba kuingia jeshi la kudumu, akakataliwa kwa sababu ya umri. Alibaki Harvard kwa mkataba wa utafiti. Huko ndiko mwaka 1947 nondo alipokutwa amekwama ndani ya mashine iliyofuata, Mark II, akabandikwa kwenye daftari la kazi. Hopper hakuwa yeye aliyemkamata, lakini alikisimulia kisa hicho maisha yake yote, na wengi bado wanadhani kilikuwa chake.

Mwaka 1949 mkataba wa Harvard uliisha na chuo hakikuwa na nafasi ya kudumu kwake. Ndoa ilikuwa imekwisha, jeshi la kudumu limemkataa, kazi imekwisha. Katika kipindi hicho alikunywa pombe kupita kiasi, akafikia hatua ya kukamatwa na polisi kwa ulevi. Marafiki zake waliingilia kati. Mwaka huo alikuwa amehamia Philadelphia, kwenye kampuni changa ya J. Presper Eckert na John Mauchly iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya kuuzwa, UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand.

Ghala la maelekezo

Tangu Harvard, Hopper na wenzake walikuwa na tabia ya kuazimana madaftari. Mtu akiwa ameshaandika maelekezo ya kutafuta kipeo cha pili, mwingine aliyahitaji aliyanakili badala ya kuanza upya. Tatizo lilikuwa mbili. Binadamu hunakili vibaya. Tena, kila elekezo hutaja namba ya mahali ambapo tarakimu imewekwa ndani ya mashine, na kipande kikihamishwa kwenda kazi nyingine, namba hizo zote lazima zibadilishwe kwa kujumlisha. Binadamu hujumlisha vibaya pia, hasa akiwa amechoka.

Hopper aliona kwamba kazi hizo mbili, kunakili na kujumlisha, ndizo kompyuta inazozifanya bila kuchoka. Basi kwa nini zifanywe na mtu?

Kati ya mwishoni mwa mwaka 1951 na Mei 1952 aliandika programu aliyoiita A-0. Ilifanya kazi kama karani wa ghala. Vipande vilivyokwisha kujaribiwa viliwekwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake, kama bidhaa kwenye rafu. Mtu mwenye mlinganyo hakuandika tena maelekezo yote. Aliandika orodha fupi ya namba za vipande anavyovitaka na mpangilio wake. Kompyuta ilikwenda ghalani, ikachukua kila kipande, ikakinakili mahali pake, ikarekebisha namba za mahali, na mwisho ikatoa programu nzima iliyo tayari kufanya kazi. Aliiita kompaila, yaani mkusanyaji, kwa sababu ilikusanya.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Wakati mwingine kipande cha mwanzo lazima kimrukie kipande cha mbele ambacho bado hakijapangiwa mahali, na utepe husonga mbele tu. Ufumbuzi Hopper aliutoa katika mpira wa kikapu aliocheza chuoni. Mchezaji humpa mwenzake mpira, akakimbia mbele, akaupokea tena karibu na goli. Naye alitenga pembe moja ya kumbukumbu ya mashine ambako ujumbe wa kuruka ungesubiri. Kipande cha mbele kikishapata mahali pake, ujumbe unachukuliwa na kupelekwa.

Mei 1952 alieleza kazi hiyo mbele ya wataalamu mjini Pittsburgh. Wengi hawakuamini. Waliokuwa wakiandika maelekezo kwa mkono walijiona mafundi wa siri ambao mashine haiwezi kuchukua nafasi yao, na waliokuwa na fedha walisema kompyuta hufanya hesabu tu, haiandiki programu. Hopper alikuwa na programu inayofanya kazi na hakuna aliyetaka kuigusa. Aliendelea kuifikisha kwa wateja wa kampuni, akiwaomba wairudishe pamoja na masahihisho yao.

Mlinganyo unaoandikwa kama ubaoni

Hopper hakuwa peke yake. Nchini Uswisi, Heinz Rutishauser alikuwa ameonyesha kwa nadharia mwaka 1951 kwamba kompyuta inaweza kuandaa mpango wa hesabu yake yenyewe. Mwaka 1953 Harry Kahrimanian wa Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia, aliifanya UNIVAC itoe viasili vya kalkulasi, yaani kutoka mlinganyo kwenda mlinganyo, si kutoka namba kwenda namba. Na katika taasisi ya MIT, J. Halcombe Laning na Neal Zierler waliiandalia kompyuta iitwayo Whirlwind mfumo ambao kufikia mwaka 1954 ulipokea milinganyo iliyoandikwa karibu kama inavyoandikwa ubaoni, ikiwamo ile ya vitu vinavyobadilika kwa wakati. Kwa upande huo walikuwa mbele ya A-0, ambayo ilihitaji namba za vipande.

Mchango wa Hopper ulikuwa kutoliacha jambo hilo lifie maabara. Mei 1954 Jeshi la Majini liliwakutanisha mjini Washington watu wote waliokuwa wakihangaika na kuifanya kompyuta ijiandikie, naye alikuwa miongoni mwa waliolisukuma mbele. Timu yake ilitoa mwaka 1957 mfumo wa MATH-MATIC, uliopokea hesabu kwa alama za kawaida na maneno machache. Mwaka huohuo kampuni ya IBM, kwa timu ya John Backus, ilitoa FORTRAN, iliyofanya kazi hiyo kwa kasi iliyowaridhisha hata mafundi wa mkono. FORTRAN ndiyo iliyotawala hesabu za kisayansi kwa miongo mingi: hali ya hewa, madaraja, mikondo ya bahari na ya maziwa.

Kwa wanafizikia tatizo lilikuwa limekwisha. Kwa Hopper lilikuwa limefika nusu tu.

Maneno badala ya alama

Alikuwa ameona jambo ambalo wataalamu wenzake waliliona dogo. Mtu wa hesabu anapenda alama. Mtu wa stoo, wa mishahara, wa bima, anafanya hesabu kila siku lakini hataki kusoma X na Y. Anataka kusema toa deni kwenye malipo, andika salio. Hopper alipendekeza kwa wakuu wake kwamba watu hao wapewe lugha yao ya kazini, na kompyuta ifanye tafsiri.

Ili kuwashawishi, timu yake iliandika programu ndogo kwa maneno ya Kiingereza, kisha ikabadilisha maneno hayo kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Kwa mashine ilikuwa ni kubadili orodha ya maneno tu: neno lolote ni alama, na alama hugeuzwa kuwa maelekezo yaleyale. Wakuu walishtuka. Waliona haiwezekani kabisa kwamba kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania ielewe Kifaransa au Kijerumani. Hopper alijifunza kutouonyesha tena mfano huo, akaahidi kwamba mfumo utatumia Kiingereza pekee. Hivyo ndivyo Kiingereza kilivyoingia katika lugha za biashara za kompyuta: kwa hofu ya wenye fedha. Mashine yenyewe haikuwa na upendeleo.

Mfumo huo uliitwa FLOW-MATIC. Mwaka 1959 serikali ya Marekani na watengenezaji wa kompyuta waliamua kutafuta lugha moja ya biashara itakayoeleweka kwenye mashine za kampuni zote. Hadi hapo, aliyehama kutoka mashine ya kampuni moja kwenda nyingine alilazimika kuandika kazi yake upya, kama mfanyabiashara anayelipishwa kila mpaka kwa karatasi tofauti. Kamati iliyoundwa ilichukua FLOW-MATIC kuwa msingi wake mkubwa, na Hopper akawa mshauri. Lugha iliyotoka mwaka 1960 iliitwa COBOL. Desemba ya mwaka huo programu ileile iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili shindani, RCA na Remington Rand, na zote zikatoa majibu yaleyale. Benki nyingi na mashirika ya bima duniani bado yana kazi zao nzito ndani ya COBOL.

Mzee wa jeshi

Jeshi la Majini lilimstaafisha mwishoni mwa mwaka 1966 kwa sababu ya umri. Lilikaa bila yeye kwa miezi saba. Agosti 1967 lilimwita arudi kwa miezi sita kuzipanga kompyuta zake ziongee lugha moja, na miezi sita hiyo ikaenda hadi miaka 19. Alipandishwa cheo mara kadhaa, akafikia kuwa admirali. Alipostaafu Agosti 1986, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alikuwa ofisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini jeshini.

Miaka hiyo ya mwisho alizunguka akifundisha. Alibeba vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30, akawagawia majenerali na wanafunzi: huo ndio umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na ndiyo sababu kompyuta ya kasi huhitaji sehemu zake ziwe karibu karibu. Ofisini alitundika saa inayozunguka kinyume, lakini inayosema wakati sahihi, ili kila aliyeingia na desturi zake aitazame kwanza.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992 huko Arlington, Virginia, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Manowari ilipewa jina lake. Mwaka 2016 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alimtunuku baada ya kifo nishani ya juu kabisa ya raia wa Marekani.

Alichokiacha kwa watu wa mwambao

Mwezi na mwaka aliofariki, mradi wa utafiti wa uvuvi wa ziwa Tanganyika ulikuwa ndio unaanza kazi zake Bujumbura. Watafiti wake hawakuhitaji kumjua Hopper. Waliligawa ziwa katika miraba, wakaandika milinganyo ya upepo na maji, na kompyuta ikajiandikia maelekezo.

Tangu hapo mwambao huu umepata sababu nyingi zaidi za kuhitaji hesabu hizo. Mwaka 2015 maporomoko ya udongo na mawe yaliipiga Gitaza, yakaua watu na kuifunga barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, njia ya mawese, samaki na bidhaa za Kigoma. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda, yakaingia majumbani na kwenye magala kando ya ufuko, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia kwa pamoja. Mvua kiasi gani itaushusha mlima, na ziwa litapanda hadi wapi kabla mto Lukuga haujalipunguza, ni maswali ya milinganyo ileile ya hatua kwa hatua.

Sehemu iliyokuwa ngumu mwaka 1944, kuandika maelekezo, sasa mashine inaifanya kwa sekunde. Zimebaki sehemu mbili ambazo Hopper hakuzitafutia mashine: mtu wa kulipima ziwa na mvua kila siku katika nchi zote nne, na mtu wa kuuliza swali. Kuhusu lugha ya kuuliza, jibu lilishapatikana Philadelphia pale Kifaransa na Kijerumani vilipofanya kazi sawasawa na Kiingereza. Kilichotakiwa ni orodha ya maneno. Kiswahili cha Rumonge kinayo tayari.